Asubuhi Mzima, Jioni Hoi: Kuishi na Miasthenia Gravisi

Mwalimu wa shule ya msingi anaanza kipindi cha kwanza akiwa na sauti inayofika dawati la nyuma kabisa. Kufikia kipindi cha nne, mkono unaoandika ubaoni umeanza kushuka wenyewe. Saa nane mchana maneno yake yanatokea puani, kope moja imeshuka hadi nusu ya jicho, na njiani kurudi nyumbani anaona bodaboda mbili pale ilipo moja. Analala. Kesho yake anaamka mzima. Waliomwona asubuhi hawaamini anachosimulia jioni, na waliomwona jioni wana majibu tayari: amelewa, mvivu, ana mawazo, amerogwa.

Ugonjwa huu unaitwa miasthenia gravisi. Si wa kuambukiza, na kwa kawaida haurithiwi. Huweza kumpata mtu wa umri wowote, lakini huonekana zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 40 na kwa wanaume waliovuka 60. Wapenzi wa sinema za Kihindi, ambao katika pwani yetu ni wengi, wanamjua mgonjwa mmoja bila kujua kwamba ni mgonjwa: Amitabh Bachchan, ambaye amesema hadharani kwamba aligundulika na miasthenia katikati ya miaka ya 1980, na ambaye ameendelea kuigiza kwa miongo kadhaa tangu hapo.

Katika makala hii nataka kutetea jambo moja, kwa sababu ndilo linalowaumiza wagonjwa kuliko hata udhaifu wenyewe. Kule kuwa mzima saa mbili asubuhi na hoi saa kumi na moja jioni si dalili ya kujifanya. Ndiyo sura ya ugonjwa. Mtu akielewa kwa nini nguvu zake zina saa zake, anaweza kuzipangia kazi, na watu wa nyumbani kwake wanaweza kuacha kumshuku.

Kila unapotaka kunyanyua kope au kumeza mate, ubongo hutuma ishara kupitia neva. Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mwembamba mno. Ishara ikifika ukingoni, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka mwanya huo na kunasa kwenye vipokezi vilivyopangwa juu ya uso wa msuli. Vipokezi vya kutosha vikishapata kemikali hiyo, msuli hujikunja. Ishara zikifuatana kwa haraka, kiasi cha kemikali kinachomwagwa hupungua kidogo kila mara. Hilo hutokea kwa binadamu wote. Mwenye afya haoni tofauti yoyote kwa kuwa ana vipokezi vingi kuliko anavyohitaji. Mwenye miasthenia hana ziada hiyo, maana kingamwili zake, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, zimegeukia vipokezi hivyo na kuviziba na kuviharibu. Tendo la kwanza linafanikiwa. La kumi linasuasua. La ishirini linagoma. Akipumzika, kemikali hujikusanya upya na msuli huitika tena.

Kwa takriban wagonjwa 85 kati ya 100 ambao ugonjwa umeenea mwilini, kingamwili hizo dhidi ya vipokezi vya asetilikolini hupatikana kwenye kipimo cha damu. Kwa baadhi ya waliobaki, shambulio huwa juu ya protini nyingine ya hapo hapo kwenye msuli, iitwayo MuSK, na kundi hili huhitaji mpango wa dawa ulio tofauti kidogo. Neva zenyewe ziko salama. Akili iko salama, hisia za ngozi ziko salama, moyo unapiga kama kawaida. Hitilafu iko kwenye ule mwanya tu.

Maelezo haya yalichelewa sana kupatikana. Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kuhusu mwanamke ambaye, akizungumza kwa muda mrefu, alipoteza sauti kabisa, kisha ikamrudia baada ya saa moja au mbili. Zaidi ya karne mbili na nusu zilipita kabla ya dawa kupatikana, na dawa hiyo ina mzizi Afrika. Waefik wa Calabar, katika Nigeria ya leo, walikuwa na mbegu ya sumu waliyomnywesha mshitakiwa kama kiapo: aliyeitapika aliachiwa, aliyekufa alihesabiwa kuwa mkosaji. Wanakemia wa Ulaya walitenga kutoka kwenye mbegu hiyo kemikali iitwayo fisostigmini, na ikaja kujulikana kwamba inaondoa nguvu ya kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini inayolegeza misuli. Mwaka 1934 Mary Walker, daktari katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, aliona kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana mno na mtu aliyepigwa kurare. Akajaribu fisostigmini. Kope iliyoshuka ikanyanyuka ndani ya saa moja. Piridostigmini, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Mestinon, ni mtoto wa ugunduzi huo: huzuia asetilikolini isivunjwe haraka, ili ile kidogo iliyopo ikae kazini kwa muda mrefu zaidi. Kuhusu kingamwili, ushahidi mzito ulikuja mwaka 1973, watafiti Jim Patrick na Jon Lindstrom walipowadunga sungura protini ya vipokezi iliyotoka kwa samaki mwenye umeme, na sungura hao wakalegea viungo kwa namna ile ile ya binadamu mgonjwa.

Kwetu, mgonjwa huzunguka sana kabla ya kujua ana nini. Macho huwa ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, hivyo huanzia kliniki ya macho na kuandikiwa miwani isiyosaidia. Anayeongea kwa shida hupimwa kiharusi. Anayechoka huambiwa apunguze mawazo. Daktari anayeushuku ugonjwa ana njia rahisi ya kuanzia: kumwambia mgonjwa atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili na kuona kama kope itashuka, kisha kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili hadi tano. Kope ikipanda baada ya baridi hiyo, shaka inakuwa kubwa. Baada ya hapo kuna kipimo cha damu, kipimo cha umeme wa neva na misuli, na picha ya CT ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi, kwa kuwa mgonjwa mmoja kati ya kila kumi hivi huwa na uvimbe kwenye tezi hiyo. Vipimo hivi hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa. Ukiishi mbali, omba barua ya rufaa yenye maelezo ya saa: dalili huanza lini, huzidi lini, hupoa baada ya kupumzika kwa muda gani. Mstari mmoja wa namna hiyo humsaidia bingwa kuliko kurasa za vipimo vya malaria na typhoid vilivyotoka safi. Picha za simu zilizopigwa asubuhi na jioni ya siku moja nazo ni ushahidi wa maana, na hazina gharama.

Sasa nije kwenye maisha ya kila siku, ambako ndiko maswali mengi yaliko.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja la kuchoka. Kuna udhaifu wa msuli: mkono haunyanyuki, taya haitafuni, shingo haishiki kichwa. Huo hufuata matumizi. Ukitafuna sana, taya ndiyo inayolegea, na ukipumzika inarudi. Halafu kuna uchovu wa mwili mzima, ule wa kuamka umechoka, kukosa hamu ya kuanza jambo, kichwa kuwa kizito. Mgonjwa wa miasthenia huweza kuwa na vyote viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Piridostigmini husaidia udhaifu. Uchovu wa jumla mara nyingi hauiitiki. Nimeona watu wakiongeza vidonge wenyewe wakifukuza uchovu ambao vidonge hivyo haviwezi kuugusa, wakaishia na tumbo la kukata, kuhara, mate kujaa mdomoni, jasho, na misuli inayochezacheza chini ya ngozi. Dawa hiyo ikizidi sana, yenyewe huleta udhaifu.

Uchovu wa jumla unataka kutafutiwa chanzo chake. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno katika nchi zetu, hasa kwa wanawake. Tezi ya shingo, thairoidi, huugua kwa wagonjwa wa miasthenia mara nyingi kuliko kwa watu wengine, kwa kuwa kinga iliyokosea mahali pamoja huweza kukosea na pengine. Kipimo chake kifanyike. Usingizi uangaliwe: anayekoroma na kukatika pumzi usiku, hasa kama ameongezeka uzito kwa dawa ya kutuliza kinga iitwayo prednisoloni, anaamka hoi hata kama alilala kwa saa tisa. Sonona ipo pia, na haimfanyi mgonjwa kuwa mwongo. Prednisoloni yenyewe ikitumika kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja, na udhaifu huo una tabia yake: haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Mtu anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda saa zote sawasawa anapaswa kumweleza daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Kuhusu udhaifu unaofuata matumizi, kazi ya kwanza ni kuujua mwenendo wa mwili wako. Chukua daftari la shule na uandike kwa wiki mbili: umeamka vipi, umekunywa dawa saa ngapi, kope au sauti au miguu ilianza kulegea saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Kwa wengi mchoro hujitokeza wenyewe. Wakazi wa mitaa yenye mgao wa maji wanaifahamu hesabu hii: maji yakija alfajiri, hujazwa kwanza ndoo za kunywa na kupikia, na nguo husubiri. Nguvu za asubuhi zitumike kwa kile kisichoweza kuachwa.

Na pumziko lije kabla ya kuishiwa. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu waliolelewa kumaliza kazi waliyoianza. Mama anayefua kwa mikono huona aibu kuacha beseni katikati. Lakini msuli uliosukumwa hadi ukagoma huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko uliopumzishwa ukiwa bado una akiba. Dakika kumi na tano za kukaa au kulala kati ya nguo na vyombo huokoa saa mbili za jioni. Kazi za mikono iliyoinuliwa juu ndizo zinazomaliza haraka: kuanika nguo, kusuka nywele, kupaka dari rangi, kuandika ubaoni. Kamba ya nguo ishushwe hadi usawa wa kifua. Nywele zisukwe mtindo unaokaa wiki mbili. Mwalimu aandike kwenye karatasi kubwa jioni ya siku njema au ampe mwanafunzi chaki. Mapishi yafanyike mtu akiwa amekaa, na mchele na mboga vichambuliwe asubuhi. Ndoo ya lita 20 si ya mgonjwa huyu. Madumu ya lita tano, au kijana wa nyumbani.

Sauti nayo ni msuli. Mwanakwaya, muuza duka, wakala wa simu, imamu na mhubiri hujikuta wakipoteza chombo chao cha kazi. Ujumbe wa maandishi uchukue nafasi ya simu ndefu, na mazungumzo muhimu yafanyike mapema. Ikiwa sauti inalegea katikati ya maneno, nyamaza dakika chache. Kulazimisha kunazidisha kulegea huko.

Joto ni adui ambaye wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Zanzibar hawawezi kumkwepa kabisa. Msuli wa miasthenia hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa na ubaridi, na ndiyo maana barafu huinua kope. Kwa hiyo foleni ya benki saa saba mchana, jiko la mkaa ndani ya chumba chenye bati bila dari, na kuoga maji ya moto, vyote hupunguza nguvu kwa namna inayoonekana. Kuoga maji ya baridi kabla ya shughuli, kitambaa chenye maji shingoni, feni, na kuhamishia safari asubuhi ni hatua ndogo zenye matokeo makubwa. Homa nayo ni joto, tena lenye maambukizi ndani yake. Mgonjwa mwenye homa asikae nyumbani akisubiri iishe.

Kuhusu kula, ningetaka kila familia isikilize kwa makini. Kutafuna na kumeza hutumia misuli mingi kwa pamoja, na chakula kikikosea njia huingia kwenye mapafu. Piridostigmini huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi dakika 45 na kwa kawaida hudumu saa tatu hadi nne. Mgonjwa ambaye kumeza kunamsumbua anapaswa kupanga na daktari wake ili anywe kidonge kati ya nusu saa na saa moja kabla ya mlo, ale wakati dawa iko kileleni. Mlo mkubwa uwe wa asubuhi au mchana, si ule wa saa tatu usiku ambao kwetu ndio hukutanisha familia. Ugali mgumu, nyama choma, mihogo ya kukaanga na chapati kavu huichosha taya kabla sahani haijafika nusu. Mtori, viazi vya kuponda, ndizi laini, wali wenye mchuzi, samaki asiye na miba, parachichi na uji mzito hupita kwa urahisi. Maji matupu yanayotokea puani ni alama kwamba koo limelegea, na kitu kizito kidogo humezwa kwa usalama zaidi kuliko maji. Akae wima, ainamishe kidevu kidogo, asizungumze akiwa na tonge mdomoni. Na wenyeji wanaomkaribisha wasichukue kuwa ni dharau akisema imetosha. Ukarimu wetu wa kulazimisha sahani ya pili unaweza kumpalia mtu huyu.

Wagonjwa Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na mtu anayehitaji kidonge kila baada ya saa chache mchana ni mgonjwa kwa maana kamili ya ruhusa hiyo. Wapo ambao ugonjwa umetulia kiasi kwamba daktari anaweza kuwapangia dozi tofauti. Mgonjwa azungumze naye mwezi wa Shaabani, wala asijaribu mwenyewe tarehe mosi ya Ramadhani.

Je, mazoezi? Zamani tuliwaambia wagonjwa wasijishughulishe. Siku hizi tunajua kwamba ugonjwa ukiwa umetulia, mazoezi mepesi hadi ya wastani ni salama na huongeza nguvu na pumzi. Kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika kumi kwa kuanzia, kunatosha. Kipimo ni namna mwili unavyojisikia baadaye: kama baada ya kupumzika umerudi ulipokuwa, kiasi kilikuwa sawa, kama kope imeshuka au pumzi imekuwa fupi, punguza kesho. Wakati ugonjwa umepamba moto, mazoezi yasubiri.

Dawa zinazotuliza kinga yenyewe zina subira yake, na wengi hukata tamaa kwa kutoambiwa hivyo mapema. Prednisoloni husaidia baada ya wiki kadhaa, lakini ikianzwa kwa kipimo kikubwa huweza kuzidisha udhaifu katika wiki mbili za mwanzo. Anayeanza hivyo awe karibu na hospitali. Kabla ya kuianza apimwe kifua kikuu na sukari. Isiachwe ghafla kamwe, hata kama uso umevimba na jirani amesema ni sumu, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Azathioprini huhitaji miezi sita hadi mwaka na zaidi kabla ya kuonyesha faida. Upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi ulifanyiwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 126 wa miaka 18 hadi 65 wasio na uvimbe: waliofanyiwa upasuaji pamoja na kutumia prednisoloni walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji dawa kidogo zaidi kwa miaka mitatu kuliko waliotumia prednisoloni peke yake. Faida yake huja polepole, haionekani siku ya kutoka wodini. Tangu mwaka 2017 zimeidhinishwa pia dawa mpya za sindano zenye nguvu, ila bei zake bado ziko nje ya uwezo wa karibu kila familia ninayoifahamu, na inaniuma kuziandika hapa nikijua hivyo.

Kuna hatari nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko Ulaya, na inatoka kwenye kabati la dawa. Dawa kadhaa za kawaida huzidi kuudhoofisha ule mwanya kati ya neva na msuli. Kwinini ni mojawapo, na klorokwini. Jentamisini, sindano inayochomwa katika kila kituo cha afya. Siprofloksasini na azithromisini, zinazouzwa duka la dawa bila hata kuulizwa jina. Propranololi na atenololi za presha na moyo. Na magnesiamu salfeti, ambayo huokoa maisha ya wajawazito wenye kifafa cha mimba kila siku, lakini kwa mama mwenye miasthenia inaweza kusimamisha pumzi. Sisemi mgonjwa asitibiwe malaria. Malaria inaua, na yenyewe huzidisha miasthenia. Nasema anayemtibu ajue ana nani mbele yake, achague dawa akiwa na habari hiyo, na akilazimika kutumia yenye hatari awe na uwezo wa kumwangalia pumzi. Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo chaguo la kwanza siku hizi, kwa hiyo kwinini haina sababu ya kukimbiliwa. Mjamzito mwenye miasthenia apange kujifungulia hospitali yenye daktari wa usingizi na chumba cha watoto wachanga, kwa kuwa mtoto mmoja hadi wawili kati ya kumi huzaliwa wakiwa wamelegea kwa muda, kutokana na kingamwili za mama zilizovuka kondo. Hali hiyo huisha ndani ya wiki chache, ila katika wiki hizo mtoto anaweza kushindwa kunyonya au kupumua vizuri.

Msafiri naye awe macho. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa mipakani na viwanja vya ndege vya ukanda huu, ina kirusi hai, na haifai kwa mwenye ugonjwa wa tezi ya thaimasi, miasthenia ikiwemo, wala kwa anayetumia dawa za kutuliza kinga. Daktari anaweza kumwandikia cheti cha kutochanjwa kwa sababu za kiafya. Aombe mapema, kisha afikirie kwa uzito kama safari yenyewe ya kwenda eneo lenye ugonjwa huo ni ya lazima.

Kwa sababu hizo zote, kila mgonjwa abebe kadi kwenye pochi, iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika na kuwekewa plastiki: jina la ugonjwa, dawa anazotumia na vipimo vyake, dawa za kuepuka, namba ya daktari na ya ndugu. Aitoe kwa mfamasia, kwa daktari wa meno, kwa mkunga, kwa yeyote anayeshika sindano.

Nimebakiza pumzi. Takriban wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 hufikia wakati fulani ambapo misuli ya kupumua inalegea, mara nyingi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, na mara nyingi baada ya maambukizi ya kifua, upasuaji au dawa isiyofaa. Dalili hazina kelele. Mtu hawezi kulala chali, anakaa kitandani. Anakohoa bila nguvu. Mate yanamshinda kumeza. Kichwa kinaanguka mbele. Anavuta pumzi katikati ya sentensi fupi. Kifaa kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni huweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika za mwisho, hivyo kisimpumbaze mtu, awe ndugu au mhudumu. Kipimo bora cha nyumbani ni kuhesabu: siku ambayo uko vizuri, vuta pumzi yote na uhesabu kwa sauti bila kuvuta tena, kwa mwendo wa kawaida. Andika umefika ngapi. Siku unayohisi pumzi haitoshi, rudia. Ukishindwa kufika nusu ya namba yako, ondoka nyumbani saa hiyo hiyo.

Uende hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia, hata kama zahanati iko karibu zaidi, ilimradi pumzi bado inaruhusu safari. Jueni mapema ni ipi, na gari la usiku litatoka kwa nani. Wagonjwa wengi wanaowahi kuwekwa kwenye mashine huondolewa baada ya siku au wiki chache na kurudi nyumbani. Chukueni kadi, dawa zote na daftari. Msindikizaji awe yule anayeijua historia yote na anayeweza kusema kwa uthabiti neno miasthenia mlangoni, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anaweza kufika akiwa na akili timamu kabisa na asiweze kutamka hata jina lake.